Kizuiashingo cha Mwalimu Foibe

Gari lilipoingia kwenye kona, kola iliyokuwa shingoni mwa Mwalimu Foibe Chilongani ililainika kama unga uliokandwa vizuri. Akageuza kichwa kumtazama mwanafunzi aliyeshika usukani. Akatazama mikono yake, akatazama macho yake, kisha akarudisha uso mbele. Mwanafunzi alipokanyaga breki, kola ile ile ikakakamaa, ikakishika kichwa cha mwalimu kama mama anavyokishika kichwa cha mtoto mchanga wakati wa kumwogesha. Kona ilipokwisha, ikalainika tena. Hakuna aliyebonyeza kitufe chochote. Kola ilikuwa ikifikiri yenyewe.

Iliitwa Shingohai. Ndani yake kulikuwa na vihisi vidogo kuliko punje za uwele, na akili unde iliyosoma mwendo wa gari kabla binadamu hajausikia mwilini.

Miaka hiyo Dodoma haikuwa tena na madereva. Magari-huru yaliwachukua watu milangoni na kuwarudisha milangoni, na watoto walikua bila kujua usukani unafanana na nini. Waliotaka kuendesha kwa mkono walikwenda kwenye uwanja wa mbio ulio njia ya kuelekea Hombolo. Huko kuendesha kulifundishwa kama watu wanavyofundishwa kuogelea. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye kazi zao, waliotamani japo mara moja maishani gari liwatii wao.

Foibe aliwafundisha wote kwa namna moja. Kabla ya kuondoka aliwasalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," hata kama mtu ametoka Pemba. Kabla ya kila kona alitazama kwanza mikono, halafu macho. Na kona ikiisha salama alimgeukia mwanafunzi tena, haraka, akatikisa kichwa kidogo. Kutikisa kule kulitosha kumwambia mtu mwenye wasiwasi kwamba amefanya vizuri. Hilo hakulisoma kitabuni wala hakufundishwa na mtu. Lilitoka lenyewe.

Kabla ya Shingohai alivaa nira.

Wenyewe waliiita hivyo, kwa kuwa ilikaa mabegani kama nira ya ng'ombe. Mkanda wa gari la mbio huufunga mwili kwenye kiti, lakini kichwa haukifungi. Gari likigonga ukuta, mwili husimama pamoja na kiti, na kichwa, pamoja na uzito wa kofia ngumu, huendelea na safari yake. Shingo peke yake ndiyo inayokivuta kirudi, na shingo ni kitu chembamba. Ndiyo maana kila anayeingia uwanjani huvaa kizuiashingo. Nira ilikuwa kizuiashingo cha zamani kuliko vyote: kipande kigumu kilichopita nyuma ya shingo na kushuka kifuani, kikabanwa na mkanda wa gari, na vikanda viwili vilivyoifunga kofia ngumu pande zote ili kichwa kisiende mbali kuliko mwili. Haikuwa na akili. Ilishika tu.

Siku Foibe alipokwenda kuchagua kingine, Lameki, mtunza vifaa wa karakana ya uwanja, alimwekea kiti chenye mto, maana alijua nyonga yake inamsumbua.

"Mwalimu, nira imekuchosha?" Lameki aliuliza.

"Inaniuma hapa." Foibe alijigusa mfupa wa bega. "Hii imetengenezwa kwa dereva anayekaa amelala nyuma. Mimi nakaa wima kama niko kanisani. Na hainiachi nigeuke. Nikitaka kumwona mwanafunzi, nageuza mwili mzima kama fisi."

"Fisi wa watu, bado anapendeza."

"Acha uzee wako, Lameki. Nionyeshe vifaa."

Lameki alimpa nira nyingine, yenye vikanda vinavyoteleza ili kichwa kigeuke zaidi, na mgongo uliokatwa kwa ajili ya mtu anayekaa wima. Foibe aliijaribu. Ilikuwa nzuri. Angeichukua, kama Hezroni Ndahani asingeingia wakati huo huo, amebeba kisanduku kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki.

Hezroni alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Foibe ndiye aliyemfundisha kuendesha, na mama yake mzazi alipofariki, Foibe ndiye aliyemkalisha jikoni kwake akampa ugali na mlenda mpaka alipoweza kusema tena. Sasa alikuwa mhandisi kwenye kiwanda kilichotengeneza Shingohai.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huli?"

"Nakula, Mama. Geuza shingo nikuvalishe."

Alimvalisha taratibu, akaitoa hereni yake isinaswe, akamwambia ageuke. Foibe aligeuka kulia mpaka akaona rafu ya nyuma. Aligeuka tena. Alicheka.

"Kwa walimu tumeilegeza makusudi," Hezroni alisema. "Ya dereva inabana mapema. Yako itakuacha utazame kwanza."

"Na nikigongwa?"

"Itafunga kabla hujajua umegongwa. Mimi ndiye niliyeitengeneza, Mama. Ningekupa kitu kibaya wewe?"

Lameki alikuna kidevu. "Chombo cha kuokoa shingo, mie nakipenda kijinga. Kisichofikiri hakibadilishi mawazo."

Walicheka wote watatu. Foibe akaichagua Shingohai. Aliichagua akiwa amekaa kwenye kiti cha Lameki chenye mto, kwa sababu ya jinsi ilivyomwacha ageuke, na hapo ndipo walimu wa kuendesha hukosea. Dereva anaogopa ukuta. Mwalimu hana muda wa kuogopa ukuta. Anaogopa kutomwona mwanafunzi wake.

Aliitumia misimu miwili na kuisifu kila mahali. Walimu wa viwanja vya Arusha na Mbeya walipompigia kuuliza wachague nini, aliwaambia Shingohai. Walimwamini, kwa kuwa Foibe hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Kisha akaja Zamoyoni, daktari wa meno kutoka Tabora, mtu mpole aliyeomba radhi hata kwa gari alipokosea gia. Yeye alivaa nira ya kuazima. Siku hiyo walikuwa wakishuka kwenye kona inayopita kando ya mashamba ya zabibu. Foibe aligeuka kutazama mikono yake, akaona imekaza mno. Akaenda kwenye macho. Ndipo gari lilipoteleza, likaacha lami na kugonga ukuta wa matairi.

Zamoyoni alishuka bila hata mchubuko. Foibe alibaki ameketi, kichwa kimeinama upande wa kulia, na mkono wake wa kulia haukuwa wake.

Zamoyoni aliipakata kofia ngumu ya mwalimu mapajani njia nzima hadi hospitali, akiishika kama yai. Foibe alikuwa na maumivu makali lakini aliliona hilo, na hakulisahau.

Madaktari waliiokoa shingo. Mshipa wa fahamu wa mkono hawakuuweza. Vidole vitatu vilikufa ganzi, na mkono ukawa haushiki kitu. Akaambiwa hatakaa tena kwenye gari la mbio. Kila aliyekuja kumwona alisema maneno yale yale: bahati mbaya, ulikuwa umegeuka. Foibe naye akaamini kwamba kosa ni lake, kwamba aligeuka vibaya.

Hezroni alikuja mara nyingi kuliko wote. Alimmenyea machungwa akiondoa hata nyuzi nyeupe. Alimtengenezea kijiko chenye mpini mnene ili aweze kula mwenyewe. Siku moja alilia, ameinamisha kichwa kwenye shuka, na Foibe akampapasa nywele kwa mkono wa kushoto.

"Usilie, mwanangu. Si wewe uliyekanyaga breki."

Hezroni akazidi kulia. Foibe alidhani ni mapenzi yanayomliza.

Mvua zilipokwisha, Hezroni alimpeleka uwanjani. Alimwambia kuna kitu anataka akione, na kuna walimu wa viwanja vyote wamekuja kuchagua vizuiashingo vipya, wanamsubiri ukumbini awaambie neno.

"Wanakuamini wewe kuliko sisi wa kiwandani," alisema, akimshika kiwiko kwenye ngazi. "Ukisema wachague Shingohai, watachagua."

Kwanza alimpeleka karakana. Palikuwa na gari la mbio limesimama, na kwenye kiti cha mwalimu palikaa kitu chenye kichwa na mabega, kimevikwa ngozi ya kitambaa cha kijivu.

"Huyu ni mwalimu-unde," Hezroni alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeonyesha daftari lenye alama nzuri. "Keti kwenye kiti cha dereva, Mama. Gari halitaondoka, litaigiza tu."

Foibe aliketi. Kioo cha mbele kikawaka, na barabara ikaanza kuwajia, ile ile ya kona za Hombolo.

"Mbukwa," kilisema kile kitu.

Foibe alishtuka, kisha akatabasamu. Barabara ilikuja. Kabla ya kona, mwalimu-unde aligeuza kichwa upande wa kulia. Akatazama mikono ya Foibe. Akatazama macho yake. Akarudisha uso mbele. Kona ikaisha, na mwalimu-unde akamgeukia tena, haraka, akatikisa kichwa kidogo.

Foibe aliondoa mikono kwenye usukani. Alihisi kama mtu aliyekutana barabarani na mgeni aliyevaa gauni lake la harusi.

"Hezroni. Huyu nani alimfundisha hivi?"

"Wewe, Mama." Hezroni alichuchumaa kando ya mlango. "Kila ulipogeuka, Shingohai ilijifunza. Lini unatazama, wapi, kwa muda gani. Walimu wa kuendesha wanakwisha nchini, na hakuna aliyeweza kutuandikia mnavyotazama. Ilibidi tujifunze kwenye shingo zenyewe. Sasa hutapotea. Watu ambao hawajazaliwa watafundishwa na wewe."

"Hukuniambia."

"Ungeanza kugeuka kwa kujionyesha. Tulitaka ugeuke kama kawaida yako. Ndiyo maana tuliichelewesha kubana. Shingo iliyofungwa haifundishi kitu."

Aliyasema haya haraka, kwa fahari, na alipofika mwisho fahari ikamtoka. Ilikuwa wazi usoni kwake kwamba ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Foibe hakupaza sauti. Aliuliza taratibu, kama alivyomuuliza mwanafunzi aliyepitiliza kona.

"Siku ya Zamoyoni ilisubiri nini?"

"Mama..."

"Nilikuwa natoka kwenye mikono naenda kwenye macho. Ilisubiri nimalize?"

Hezroni alitazama sakafu. "Ilikuwa imewekewa kusubiri mpaka jicho lako lifike, ndipo ibane. Ni kitambo kidogo sana, Mama. Kupepesa tu. Tulipiga hesabu, tukaona hatari ni ndogo."

"Na ulijua ni shingo ya nani."

"Nilijua."

"Hospitali ulipolia ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mwalimu-unde alikuwa bado ameketi pale, na barabara ya kioo ikaleta kona nyingine. Akageuka, akatazama mikono ya Foibe iliyolala mapajani, akatazama macho yake. Alikaa akiyatazama muda mrefu kidogo, kama Foibe alivyofanya kwa wanafunzi waliokuwa na huzuni. Hata hilo walikuwa wamelichukua.

"Kizime," Foibe alisema.

Hezroni akakizima.

Foibe alishuka kwenye gari peke yake, ingawa Hezroni alinyoosha mkono. Alikwenda kwenye rafu ya Lameki, akatafuta mpaka akaiona ile nira yenye vikanda vya kuteleza ambayo angeichukua siku ile. Ilikuwa na vumbi. Akaipangusa kwa kitenge, akavaa kofia ngumu, akaiweka nira mabegani. Kikanda cha kushoto alikifunga. Cha kulia kilimshinda. Vidole vilikigusa kibanio bila kukisikia, kikateleza, kikaanguka kifuani.

Lameki alikuwa ukumbini na wageni. Karakana haikuwa na mtu mwingine.

"Nifungie," alisema.

Hezroni alikuja. Aliinama kidogo, akashika kikanda, akakisukuma kibanio mpaka kikalia. Halafu, bila kuambiwa, alipitisha kidole kimoja chini ya kikanda akakivuta, akajaribu na cha pili, kikakataa kuingia. Akashika kofia pande zote mbili, akaitikisa mbele na nyuma kuhakikisha kichwa kimeshikwa. Alifanya yote kwa mpangilio ule ule aliofundishwa na Foibe alipokuwa kijana, siku ya kwanza kabisa, kwenye karakana hii hii.

Foibe alimwacha amalize.

"Mikono yako haijasahau," alisema.

Machozi yalikuwa yakimtoka Hezroni. Safari hii Foibe hakumpapasa. Ule mkono wa kushoto uliinuka wenyewe mpaka kiunoni, akaushusha.

"Utawaambia, Mama?"

"Nitawaambia nilichagua nini, na kwa nini nilikichagua. Halafu nitawaambia ulichoniambia. Wana shingo zao."

"Kiwanda kitanifukuza."

"Najua, mwanangu. Kwangu kula utakuja, sikunyimi chakula. Lakini usinivalishe kitu tena."

Alielekea kwenye mlango wa ukumbi. Walimu walipomwona amevaa kofia na nira walisimama, vijana kwa wazee, na shikamoo zikamjia kutoka kila upande. Baadhi yao walikuwa na Shingohai shingoni, nyeusi, laini, wamegeuka vizuri kabisa kumtazama.

Nyuma yake alimsikia Hezroni akiita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini. Nira ilimruhusu kugeuka kiasi, si mpaka nyuma. Angeweza kugeuza mwili mzima. Hakuugeuza.