Kazi ya Kukaa ya Bibi Hajira

Bibi Hajira wa Newala alipona kifua kikuu, lakini pumzi haikurudi kama zamani. Akitembea kidogo tu, anahema. Basi binti yake Rahima akapiga marufuku: hakuna kufagia, hakuna kutembea. Hata msalani anasindikizwa!

"Mama, wewe kaa," alisema Rahima. "Kazi yako kukaanga korosho. Hiyo ni ya kukaa."

Hajira akakaa. Moshi mweusi wa maganda ya korosho ukampiga usoni kutwa, na miguu ikalegea. Lakini kilichomuuma hasa ni mjukuu wake, Sijaona. Desemba mwali huyo angetolewa unyagoni, na bibi ndiye wa kumchezea ngoma.

"Nitamchezea nimekaa kama kinu?" alinung'unika, machozi yakimlengalenga.

Siku moja akapita jirani yao Ethel, muuguzi wa kliniki ya kifua.

"Shikamoo, Mama Rahima."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa.

Ethel akalitazama jiko. "Ala! Rahima, mgonjwa wa kifua unamweka kwenye moshi?"

"Si ndiyo kazi nyepesi, dada?"

"Nyepesi kwa miguu, nzito kwa mapafu. Moshi unamuumiza, na kukaa kunamlegeza. Siku hizi wagonjwa kama yeye tunawafundisha mazoezi ya kufanya nyumbani, bila mashine. Mlete kwanza apimwe."

"Nisije nikafa njiani!" alisema Hajira.

Alipopimwa, Ethel akamwelekeza. "Kuhema kidogo si kufa, mama. Vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa mdomo kama unapoza uji. Tembea mpaka uheme, ila uweze kuongea. Ukichoka, pumzika, kisha endelea. Kifua kikiuma au ukipata kizunguzungu, acha, uje kwetu. Mapafu hayatakuwa mapya, lakini misuli ikipata nguvu, pumzi hiyohiyo itakufikisha mbali."

Korosho wakaanza kuziuza ghafi, na moshi ukaisha uani. Hajira akatembea hadi kwa jirani, baadaye hadi msikitini. Siku nyingine alisusa kabisa. Ethel akipiga simu kumuuliza, anajibu, "Wee mtoto msumbufu!" Kisha anavaa ndala.

Desemba ikafika. Ngoma zikalia, vigelegele vikapaa, na Hajira akaingia uwanjani kumchezea mwali. Katikati ya ngoma pumzi ikambana. Rahima akapenya watu mbio.

Hajira akamzuia kwa mkono. Akasimama, akapuliza polepole, mara mbili, mara tatu. Pumzi ikatulia. Ndipo akamshika bintiye mkono, akamvuta uwanjani.

"Cheza na wewe, bwana! Unaniangalia nini?"

Rahima akacheza huku analia, wala hakuona haya.