Kichomi cha Ogari

Walikutana sokoni Kisii mwaka wa 1971, wote wawili wameshika mkungu mmoja wa ndizi. Nyamoita, opereta wa simu wa posta, alivaa gauni la manjano na viatu vya mchuchumio. Ogari, karani kutoka Kenyenya, alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi.

"Achia, kaka. Nimetangulia mimi."

"Chukua, dada. Lakini umeniachia kichomi hapa," Ogari akasema, mkono kifuani.

Maneno ya wanaume hayo, ila yalimwingia. Ogari akawa anapiga simu kutoka duka moja la Kenyenya, na Nyamoita ndiye aliyepokea.

"Namba gani?"

"Yako, mpenzi. Kichomi kimenizidi."

"Hicho hakina dawa," naye hucheka.

Mwezi wa saba, kwenye baridi, Ogari akapiga akihema. "Nyamoita, nina kichomi. Nikivuta pumzi kinanidunga."

"Na nani amekudunga kama si mimi?"

Akacheka. Ogari, mjinga wa mapenzi, hakuwa na moyo wa kukikatiza kicheko hicho. Mara tatu alimwambia, mara tatu akachekwa. Kisha simu zikakoma. Nyamoita akanuna, akaamini amepata mwingine.

Wiki tatu baadaye Bitutu, dada yake Ogari, aliingia posta. "Wifi, yuko wadi. Anakutaja wewe tu."

Daktari alikuwa amemgonga mgongoni kwa vidole, upande wa kulia ukatoa mlio mzito wa debe lililojaa. Sindano ikavuta usaha. Sasa mpira ulitoka ubavuni mwake hadi kwenye chupa ya maji sakafuni.

"Angekuja siku zile za kwanza, penisilini ingetosha," daktari alisema. "Sasa usaha umekuwa mzito. Tunangoja."

Nyamoita, aliyeweza kuiunganisha Kisii na Mombasa kwa waya mmoja, hakuwa na la kufanya. Akalia.

"Nisamehe, Ogari. Ulikuwa unaniambia."

"Nilipenda ukicheka." Akapumzika kidogo. "Nikipona naleta ng'ombe kwenu."

"Pona kwanza. Hata bila ng'ombe nakuja."

Ogari akatabasamu, midomo mikavu. "Basi kichomi kimerudi."

Nyamoita hakucheka. Aliinuka, akamwita nesi kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wadi nzima.

"Natania, mpenzi," Ogari akanong'ona.

Hakumwamini. Akamwekea kiganja ubavuni, akahesabu pumzi zake moja moja mpaka nesi akafika.