Ungenipigia Mimi Kwanza

Mapokezi ya hospitali yalikuwa yamefurika, watoto wanalia, wazee wameegemea kuta. Fundi wa programu, binti aliyevaa koti la bluu, alikuwa akijipenyeza na kompyuta yake kifuani alipogongana na kijana mrefu, muuguzi, sare yake imenyooka pasi.

"Samahani, dada, foleni inaanzia kule."

"Siumwi mimi. Nimekuja kutibu mitambo yenu."

"Kumbe ni wewe! Basi pita mbele ya wote."

Kasoro iliyofanya mitambo iwe mizito, binti aliiona siku hiyohiyo. Katika hifadhidata, kila mgonjwa alifungamanishwa na vitu vingine: vipimo, dawa, daktari wake. Kompyuta ilivifuata diskini kimoja kimoja, kila kimoja safari yake. Binti akavipanga vinavyotumika pamoja vikae pamoja, vichotwe kwa mkupuo, na nakala zake zibaki karibu kwenye kumbukumbu ya haraka. Foleni ikayeyuka. Muuguzi akambatiza jina Chapuchapu, na simu zikaanza.

"Umekula, Chapuchapu?"

"Nimekula. Umenikumbuka mimi, au kompyuta imegoma?"

"Kompyuta ndiyo nini?"

Binti alicheka, lakini hakutulia. Mambo yalikwenda mbio mno.

Asubuhi moja bosi wake akamwita. Skrini ya wodini ilikuwa imeonyesha nakala ya zamani ya rekodi za mgonjwa, haina onyo jipya la daktari kwamba dawa fulani inamdhuru. Muuguzi ndiye aliyezuia asipewe, na ndiye aliyeripoti.

Binti akampigia muuguzi palepale.

"Ungenipigia mimi kwanza!"

"Mpenzi, mama wa watu yuko kitandani. Na wodi zote zinasoma skrini hizohizo."

"Umeniaibisha!"

"Ningenyamaza, ungenipenda?"

Akakata. Simu ikaita tena na tena. Akaigeuza kifudifudi mezani. Alirekebisha kosa: kila badiliko sasa lilifuta nakala za zamani papo hapo. Vidole vilifanya kazi, roho iko juu juu. Lile swali halikumtoka.

Mwishowe akaenda wodini, gauni la kijani, nywele hata hajachana. Yule mama alikuwa ameketi, mzima, akilalamika kwamba mto ni mgumu, huku muuguzi akimfunga bandeji. Chapuchapu akasogea kando ya kitanda.

"Ulifanya sawa," akasema. "Niliogopa tu kumtazama huyu mama usoni."

"Nilikuwa nakupigia nikuombe radhi."

"Usiombe. Nataka mume asiyenifichia makosa yangu. Utanioa, au nirudi kazini?"

"Mjibu basi, kijana!" mama akamaka.

Muuguzi akazungusha bandeji vibaya, akaifungua tena.

"Nimalize bandeji kwanza," akasema, "nisije nikamfunga mguu usioumwa. Halafu twende kwa mama yangu."