Kipande cha Keki cha Baba Lea

"Baba Lea, nisikilize vizuri maana sitarudia. Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, basi linapita Rujewa. Likute umesimama barabarani."

"Sawa."

"Sawa ya kuja, au sawa ya kuninyamazisha?"

"Ya kuja, Mama Lea."

Nyuma ya sauti ya Vitus mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa inanguruma kama kawaida. Severina akasubiri aongeze neno, hata la kumuuliza mtoto anaendeleaje, lakini halikuja. Akakata simu na kurudi kwenye cherehani yake.

Vitus Kalinga alikuwa mwendesha mashine kule Ubaruku, karibu na Rujewa, mwaka wa pili sasa. Mwanzoni alikuwa anarudi Mbalizi kila baada ya wiki mbili. Ikawa kila mwezi. Halafu ikawa mpunga umeiva, mpunga umejaa, wakulima wamepanga foleni, na mwishowe ikabaki "sawa" tu kwenye simu. Mke akijibiwa "sawa" miezi minane mfululizo, awe mvumilivu kiasi gani, lazima achoke. Na Severina alikuwa amechoka kweli, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao.

Jumamosi hiyo binti yao Lea alikuwa anatimiza miaka saba. Tangu mwaka jana alikuwa ameahidiwa kupelekwa Iringa, kwenye bustani ya michezo iitwayo Pembea Park, yenye treni ya watoto na mitelezo ya maji. Ruhusa ya Vitus kazini ilikuwa Jumamosi hadi Jumatatu, basi. Kwa hiyo siku ya kufika ndiyo ikawa siku ya keki. Severina akampigia Mama Noorjahan, msimamizi wa sherehe pale bustanini.

"Mama Lea, mimi nakushauri keki tukate Jumapili," Noorjahan alisema. "Mtoto siku ya kufika anakuwa hoi. Nimeona wengi wanalala na kisu mkononi."

"Amezaliwa Jumamosi, mama. Hakuzaliwa Jumapili."

"Haya, tarehe ni yako. Saa kumi. Niandae watu wangapi?"

Severina akasimamisha cherehani.

"Watatu."

Ubishi ule wa tarehe ulikuwa na sababu yake. Mwaka jana, siku yenyewe ya kuzaliwa, Vitus hakutokea. Lea alimlisha mama yake keki, akawalisha majirani, kisha akakata kipande kimoja, akakifunga kwenye tishu na kukiweka kabatini. "Hiki cha Baba," alisema. Kikakaa mle mpaka kikaota ukungu, na siku Severina alipokitupa, mtoto alilia kama kafiwa. Severina aliapa kimoyomoyo kwamba kipande cha pili cha namna ile hatakitupa yeye.

Ijumaa jioni akatoa begi la buluu la Vitus. Akapanga mashati, suruali, suti ya kanisani na sweta nene. Mwisho akaingiza bahasha ya vyeti vyake vya shule, ile iliyokuwa inakaa chini ya godoro. Jirani yake Frida akamkuta anahangaika na zipu.

"Seve, begi lote hilo ni la siku tatu?"

"La siku zote."

Frida akaketi taratibu kitandani.

"Unataka kufanya nini, mwenzangu?"

"Mama yake Vitus anakaa Ipogolo, pale pale Iringa. Keki ikikatwa kesho Vitus hayupo, Jumapili asubuhi nalipeleka begi kwa mama mkwe. Namwambia, mama, mtoto wako huyu hapa, nimemrudisha."

"Na akiwepo?"

"Akiwepo nitajua cha kufanya. Ila sina tena nguvu ya kubembeleza mtu kwa simu, Frida. Sina."

Asubuhi basi likaondoka na ubaridi wake wa Mbeya. Severina alikuwa amelipia viti vitatu, na kwenye kile cha tatu liliketi boksi la keki. Walipokaribia Rujewa, Lea alibandika pua kwenye kioo.

"Mama, Baba atakuwa amevaa shati gani?"

"Sijui. Angalia tu."

Basi likasimama. Walikuwepo wauza vitunguu, wauza mahindi, na mzee mmoja mwenye jogoo. Vitus hakuwepo. Konda akainama.

"Dada, huyu mtu wako yuko wapi? Hatulali hapa."

"Naomba dakika mbili kaka yangu, nampigia."

Simu ikaita mpaka karibu kukatika, kisha ikapokewa. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Haloo?"

Severina akaitazama namba aliyopiga, akairudisha simu sikioni.

"Nani mwenzangu?"

"Devota hapa. Wewe nani?"

"Mimi ni mke wa mwenye hiyo simu. Vitus yuko wapi?"

"Oo, dada! Vitus amelala."

"Amelala? Saa mbili na nusu asubuhi?"

"Amelala kabisa. Nimemtingisha wee, hasikii. Usiku kucha hajalala huyu..."

"Basi mwache alale. Mwambie asijisumbue kuamka."

Akakata. Akabonyeza kitufe cha kuzima mpaka kioo kikawa cheusi, na simu akaisukumia ndani kabisa ya mkoba. Konda akapiga bodi ya gari na basi likaondoka.

"Mama, Baba yuko wapi?"

"Amelala."

"Akiamka atatukuta?"

Severina akaangalia nje. Kwa miezi minane alikuwa anamhisi huyo mwanamke bila kumwona, na leo kumbe ana jina. Cha ajabu hakulia. Alijisikia kama mtu aliyebeba gunia safari ndefu, hatimaye kaambiwa alitue hapo hapo. Lea akatapika Makambako, akatapika tena Mafinga, na waliposhuka Ipogolo mchana alikuwa anayumba kama mgonjwa.

Kule Pembea Park meza ilikuwa tayari, ina maputo ya njano na viti vitatu. Noorjahan, mama wa makamo mwenye ushungi na miwani ya kusomea kifuani, alimtazama mtoto mara moja tu.

"Huyu hapandi treni leo. Mlaze kwenye lile benchi. Na baba yake?"

"Hayupo."

"Yuko njiani?"

"Hayupo, mama."

Noorjahan akaingia ndani. Akaleta kanga ya kumfunika mtoto na chai ya tangawizi kwa ajili ya Severina. Saa kumi ikafika, ikapita. Watoto wa watu wakapiga kelele kwenye mitelezo, wakalowa, wakabebwa kurudi makwao. Lea alikuwa anakoroma. Severina akakaa na keki yake, anafukuza nzi, anaangalia begi la buluu miguuni pake. Mwaka mzima wa kupanga, na mwenye siku amelala, na baba yake naye amelala. Angekuwa na nguvu angecheka.

Saa kumi na moja na ushee Lea akaamka.

"Mama, tukate. Baba kafika?"

Severina akamketisha mapajani. Alishachoka kumdanganya.

"Baba haji, mwanangu. Tukate mimi na wewe."

Lea hakulia. Akashika kisu, Noorjahan akaimba wimbo wa kukata keki karibu peke yake, wahudumu wawili wakaitikia. Mtoto akamlisha mama yake, akamlisha Noorjahan. Kisha akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akavuta tishu na kuanza kukifunga, taratibu, pembe kwa pembe.

"Hiki cha Baba."

Hapo ndipo machozi ya Severina yalipopata njia. Akageuka pembeni, akajifanya anatafuta simu.

"Ngoja nikupige picha," alisema.

Akaiwasha. Haijakaa sawa, meseji zikaanza kuingia moja juu ya nyingine, mpaka Noorjahan akageuka kutazama.

"Seve usingizi umenipitia. Nisamehe. Natafuta gari."

"Mabasi yamejaa. Nimepanda lori la mchele."

"Mbona simu imezimwa? Niko Makambako. Msikate keki."

"Niko Mafinga. Mwambie Lea nakuja."

"Nashuka Ipogolo."

Na moja ya namba ngeni: "Dada ni Devota mama lishe wa mashineni. Nilisema amelala kwa sababu amelala kweli, juu ya magunia ya pumba. Ukakata simu. Usije ukavunja nyumba kwa maneno yangu nakuomba."

Severina akaisoma hiyo mara mbili. Kabla hajaimaliza ya tatu, mlinzi wa getini akaja anatembea haraka, akasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Pale getini kuna mtu mweupe pee, kama katoka kwenye unga. Anasema yeye ni baba wa bethidei. Nimruhusu?"

Lea alishatoka mbio na kipande chake.

Vitus alikuwa mweupe kweli, nywele, kope na masikio, vumbi la pumba lote, na macho mekundu. Mkononi hakuwa na kitu. Alimbeba mtoto, akaja mpaka mezani, akasimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nimechelewa, Mama Lea."

"Lea, nenda na Mama Noorjahan akuoneshe treni," Severina alisema. Walipobaki wawili, akaendelea kwa sauti ya chini. "Devota ni nani?"

"Anatupikia. Nilikaa pale kwake alfajiri nisubiri chai, kisha nipande bodaboda kwenda Rujewa. Nikaegemea magunia. Nilichokumbuka tena ni jua kunichoma usoni, saa tano."

"Kwa nini ulale hivyo? Usiku ulikuwa unafanya nini?"

Vitus akajifuta uso, akazidi kujipaka.

"Kipindi hiki hawatoi ruhusa. Mpunga ukikauka kupita kiasi unakatika mashineni, mkulima anaondoka na chenga, kwa hiyo hakuna mtu wa kuachia foleni. Ili nipate siku tatu, nimefanya zamu zangu na za mwenzangu Shedrack, mchana na usiku. Wiki ya tatu sasa. Nikikujibu 'sawa' ndiyo nguvu iliyobaki."

"Na hiyo miezi mingine yote?"

Vitus akavuta kiti, asikikalie.

"Hiyo ni makosa yangu. Nilikuwa nachoka, naona aibu kuja nyumbani kulala tu. Nikasema nisikuletee uchovu wangu, una wako."

"Kwa hiyo ukaniacha nichoke peke yangu." Severina akaketi. "Unajua, Vitus, ingekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Ningekuja Ubaruku nikampasulia sufuria. Sasa usingizi nitagombana nao vipi?"

Vitus akainama kukung'uta vumbi kwenye suruali. Macho yake yakatua kwenye begi la buluu, na uso ukamchangamka.

"Umenibebea nguo! Aisee, Seve. Njia nzima nawaza nitapigaje picha na mwanangu hivi nilivyo. Begi langu nimelisahau kwa Devota."

Severina akanyoosha mkono, ukachelewa. Zipu ilishafunguka. Vitus akatoa shati la kwanza, anatabasamu. La pili. La tatu. Akatoa sweta nene, akatoa suti ya kanisani, na tabasamu likaanza kupungua. Mwisho akaishika ile bahasha, akachungulia ndani.

"Na vyeti?" aliuliza kwa upole. "Vyeti navyo ni vya kuvaa bustanini?"

Severina hakumkwepa macho.

"Begi lilikuwa linaenda kwa mama yako. Kesho asubuhi."

Treni ya watoto ilikuwa inazunguka raundi ya mwisho, Noorjahan amejibana kwenye behewa dogo na Lea anampungia kila mtu mkono. Vitus aliirudisha suti begini, na sweta, na vyeti juu yake. Akabakiza shati moja.

"Nilikuwa naishi kwangu," alisema, "kumbe nimeshahamishwa."

"Ulihama mwenyewe, Baba Lea. Mimi nilikuwa nakufungia mizigo tu."

"Naomba nirudi. Msimu huu ukiisha naacha zamu za usiku. Wakikataa, naacha mashine, nakuja kubeba viazi Mbalizi. Na kila siku nitapiga simu. Nikiwa nimechoka nitasema nimechoka."

"Sema sasa hivi."

"Nimechoka, mke wangu. Nimechoka sana."

"Na mimi," alisema Severina. "Na mimi nimechoka, mume wangu."

Akachovya ncha ya kanga kwenye maji, akaanza kumfuta vumbi usoni, kwanza macho, kisha masikio. Alimfuta kwa nguvu kidogo, maana hasira ilikuwa bado ipo, na Vitus akatulia afutwe. Alipomaliza alimfungia vifungo vya shati safi. Lea akarudi mbio, ile tishu bado kaishika, keki yenyewe imepondeka.

"Baba, fungua mdomo."

Vitus akapiga magoti, akafungua. Alikula kipande chote kile, na tishu kidogo, bila kuacha punje.

"Sasa na nyie mlishane," Lea akaamuru. "Kama harusi."

"Kama harusi kabisa!" Noorjahan akadakia, na mlinzi aliyekuwa anakuja kuwaambia muda wa kufunga umefika akasimama kupiga makofi.

Severina akakata kipande, akamlisha mumewe. Vitus akamlisha yeye, vidole bado vina harufu ya mpunga. Mtoto hakungoja picha. Alipanda mapajani kwa baba yake na kabla krimu haijafutwa mdomoni alikuwa ameshalala. Vitus naye kichwa kilikuwa kimeanza kuinama.

"Usilale hapa," Severina alimgusa bega. "Chumba nilicholipia cha kulala kiko pale nyuma ya bustani. Nipe mtoto nimbebe."

"Na begi?"

Severina akalitazama lile begi la buluu, zito, zipu haijafungwa vizuri.

"Linarudi Mbalizi Jumatatu. Utalibeba mwenyewe."