Nati za Upande wa Kushoto

Aliyegundua jambo lenyewe ni Kaswera, saa kumi na moja na nusu alfajiri, thermos ya chai mkononi na kitenge cha safari kiunoni. Lori lake la Canter lilikuwa uani pale pale lilipolala, mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Lakini gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeteswa. Boliti mbili kati ya sita zilikuwa zimekatika, na nati nne zilizobaki zilikuwa zimetafunwa pembe na kukazwa mno. Kaswera alipiga ukelele, na nusu ya mtaa ikajaa getini.

Saa kumi na mbili na robo akafika Inspekta Mwasiti, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ilikuwa mwisho wa Oktoba 2008. Vita vilikuwa vinashuka kutoka Rutshuru, na tangu juzi mji ulikuwa unapokea watu wenye magodoro vichwani, mbuzi mkononi na watoto mgongoni. Katikati ya hayo yote, ameitwa kuja kutazama nati.

"Mumeniita juu ya boulon?" aliuliza. "Leo hii? Boulon?"

"Haiko boulon, mama inspecteur," Kaswera alijibu, na sauti ikamkatika. "Ni mama yangu Kahambu. Eko Kiwanja, kule Rutshuru, muguu imevunjika, hawezi kutembea. Nilipashwa kutoka sasa hivi nimulete, kabla bafunge barabara."

Mwasiti akavua koti la mvua na kuanza kazi.

Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli usiku kucha, na ufunguo ulilala shingoni mwa Kaswera. Mwizi wa nje hakuwepo basi. Waliolala ndani ni Kaswera na mumewe Henri na watoto wao wanne, dereva Nuhu jikoni, na Onésime, mkimbizi aliyefika juzi kutoka Kiwanja, barazani. Hakuna aliyesikia kitu, kwa kuwa mvua ilipiga mabati mpaka alfajiri na mizinga ilijazia. Mwasiti akazunguka uani peke yake. Nyuma ya pipa la maji aliona bomba la chuma, urefu wa mkono wa mtu mzima, mdomo wake umepasuka kwa kuvishwa spana na kuvutwa kwa nguvu nyingi. Akaliacha hapo hapo na hakumwambia mtu.

Henri hakungoja kuulizwa. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, mtu wa kutengeneza Corolla yake mwenyewe kila Jumapili na kuhakikisha mtaa mzima umemwona.

"Ni chauffeur!" alisema, kidole kikimwelekea Nuhu. "Tangu jana analia-lia hataki kwenda Kiwanja. Na kama haiko yeye, ni huyu Onésime. Nani anajua ametumwa na nani? Muwapeleke kwa basoda!"

Watu wa getini wakaanza kunguruma. Wakati ule, mtu aliyepelekwa kwa askari kwa maneno kama hayo hakuwa na hakika ya kurudi. Mwasiti akafunga geti kwa kishindo, akamwita Nuhu jikoni, wawili peke yao.

"Uliogopa kwenda?"

"Niliogopa, mama, sitakudanganya. Nani haogopi Kiwanja leo? Lakini nilisema nitaenda, na minaenda."

"Kwa hiyo hukugusa gurudumu."

Nuhu alicheka kwa uchungu. "Mama, roue za kushoto za Canter zinafunguka kinyume. Pale gari ingine inakaza, hii inafungua. Aliyefanya hivi alifikiri anafungua, kumbe anakaza, mpaka boulon zimekatika. Miye niko na hii gari miaka saba! Kama ningetaka kuiharibu, ningetoboa pneu nirudie kulala."

"Unamaanisha alitaka kutoa gurudumu?"

"Alitaka kulitoa alifiche. Sasa ametuachia hii matata."

Onésime aliingia wa pili. Huko Kiwanja alikuwa akiendesha Fuso ya kubeba mazao, na alipoulizwa kuhusu nati alisema maneno yale yale, bila kuwa amemsikia Nuhu. Kisha akakasirika.

"Ni miye nilikuja kusema mama Kahambu angali muzima, amejificha kwa parokia. Ningetaka abaki kule, ningenyamaza tu!"

Mwasiti aliipima hoja hiyo, akaikubali. Akatoka uani, kichwa kikimuuma, akawapanga wanaume watatu mbele ya gurudumu la nyuma, upande ule ule wa kushoto.

"Boulon zimekatwa na mutu wa nguvu," alisema. "Nataka kuona nguvu ya kila mutu. Mufungue nati moja moja."

Nuhu alishika spana, akasukuma upande ule wa kinyume, nati ikalegea. Akaikaza tena. Onésime akafanya vivyo hivyo, bila hata kutazama mikono yake.

Henri akaja akitanua kifua. Akavuta upande ule wa kufungulia Corolla. Nati haikusogea. Akavuta tena hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akatukana kutu, akamtukana Mjapani aliyeunda gari.

"Hii haifunguke bila tuyau," alisema akihema. Na bila kufikiri, akaenda moja kwa moja nyuma ya pipa la maji, akarudi na bomba.

Alifika katikati ya ua ndipo akaona kwamba kila mtu anamtazama.

"Papa Henri," Mwasiti alisema, na alikuwa amechoka kuliko alivyokasirika, "nani alikuonyesha hiyo tuyau iko pale?"

Henri aliliweka bomba chini polepole.

"Ni wewe?" Kaswera aliuliza. "Asubuhi yote unataka batu ba bure bauawe, na ni wewe?"

"Basoda banakamata macamion yote kwa ile barabara!" Henri akalipuka. "Camion ikienda, tutalisha batoto na nini? Nilitaka tu kuficha roue siku mbili, hali itulie. Nilipiga hesabu, Kaswera. Batoto beko wanne. Mama yako ni muzee, amekwisha kuishi."

Maneno hayo yalimchoma Kaswera pabaya. Akampa mumewe mgongo. Alimgeukia Nuhu na kumuuliza kama gari linaweza kwenda.

"Tukienda hivi, roue itatuacha njiani," Nuhu alisema. "Zile nne tuzifungue kwanza, tuzikaze na kipimo."

Hapo ndipo muda ulipoliwa. Nuhu na Onésime walizimwagia nati mafuta, wakazigonga kwa nyundo na tindo, wakazibembeleza, wakazilaani. Ya kwanza ilikubali haraka, lakini ya nne iliwatoa jasho hadi jua likawa kali. Henri alishikishwa tochi, kisha hata tochi akanyang'anywa. Saa tatu na nusu wakaondoka, Nuhu akiendesha, na Henri, kwa amri ya mkewe, kati ya Kaswera na Mwasiti, aliyepanda ili sare yake isaidie kwenye vizuizi.

Walipofika Kibati, nje kidogo ya mji, askari aliwasimamisha. Mbele yake barabara ilikuwa imejaa watu wanaoshuka kwa miguu, wengi mno, na hakuna gari hata moja lililokuwa likipanda.

"Gari haipite tena," alisema. "Tangu saa tatu."

"Na mutu wa miguu?" Kaswera aliuliza.

Askari aliinua mabega. "Apite, kama amechoka na maisha."

Mwasiti akashuka kupisha njia kabla hajaombwa. Kaswera alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu watoke Mapendo.

"Shuka."

"Kaswera, ni kilomita sitini na zaidi..."

"Tungetoka saa kumi na mbili, tungepita. Shuka. Uende umubebe mama yangu mugongoni."

Henri alimgeukia Mwasiti, uso umelowa jasho. "Mama inspecteur, si ulipashwa kunifunga?"

"Nitakufunga ukirudi," Mwasiti alisema.

Henri akashuka. Alisimama kidogo akiwa ameshika mlango, labda akingoja aitwe, kisha akaanza kupanda dhidi ya umati ule, akisukumwa na magodoro na mabega ya watu. Mbali kidogo wakamsikia akianza kuuliza kila mama mzee aliyempita: "Mama Kahambu wa Kiwanja, mumemuona?"

Kaswera hakuufunga mlango wa gari; alibaki akiitazama njia aliyopita Henri.