Mguu wa Fairuz

Hadi leo sijajua nani aliyegonga mguu katika wimbo wa Zein. Nimewauliza wajuao kompyuta na wajuao mizimu. Kila mmoja alinielekeza kwa mwenziwe.

Zein ni binamu yangu, mtoto wa Malindi. Mwaka 2016 alikaa na mkewe Fairuz kwenye fleti ya Jumeirah Village Circle, huko Uarabuni, akitunga muziki wa kale wa mashambani Marekani kwa ajili ya matangazo ya biashara. Hakuwa na bendi. Programu ilimpa wapigaji wa kubuni, huyu wa banjo, yule wa fidla, akawachagua kama mboga sokoni. Alikata kipande kifupi, akakirudiarudia mpaka kimkae. Wiki ile Fairuz alikuwa akizimiazimia. Tukadhani ni joto la Agosti.

Ijumaa, tuliporudi fletini kutoka msikitini, Zein alinipa upande mmoja wa hedfoni.

"Kaka, msikie huyu wa mguu. Sikumwajiri, lakini kazi anaijua!"

"Usimsifu sana, atadai viza."

Nikasikiliza. Banjo, fidla, na chini yake mguu ukigonga ubao. Dup. Kimya. Dup-dup. Kwenye kioo cha kompyuta wapigaji walikuwa wawili tu.

Nikatazama jikoni. Fairuz alikuwa akikata vitunguu, ametupa mgongo. Mguu wake mtupu uligonga sakafu. Dup. Kimya. Dup-dup.

Muziki ulikuwa masikioni mwetu tu.

"Zima," nilinong'ona.

Zein akazima. Mguu wa Fairuz ukabaki hewani.

Haukushuka. Kisu kimesimama. Mabega hayapandi. Hapumui. Tulimwita, tukamtikisa, alikuwa mgumu kama nguzo, midomo ikibadilika rangi. Zein akarudi mbio, akauwasha wimbo. Mguu ukashuka, na pumzi ikamrudia.

Hatukuthubutu kuzima tena. Nilimpigia mama yake, Bi Jokha, Mzanzibari mkazi wa Deira, mji uleule. Alifika, akamtazama bintiye, kisha akasikiliza hedfoni.

"Huyu alipungwa utotoni," alisema polepole. "Pepo wake akatulia. We Zein, unamwita wa nini?"

"Mama, mimi natengeneza muziki wa Wamarekani tu, wallahi."

"Sikuulizi wa nani. Ngoma haikatwi kati, baba. Unamwita mgeni, akifika mlangoni unamfungia. Naye kamshika mwanangu pumzi. Imalize."

"Haina mwisho. Ni kipande kinachojirudia."

"Basi mtungie mwisho."

Akatunga, jasho likidondokea vitufe. Fairuz akaja, akasimama nyuma yake na kisu chake. Macho hayakupepesa. Banjo ikafifia. Fidla ikanyamaza. Mguu ukabaki peke yake. Dup.

Dup.

Kisha basi.

Fairuz alivuta pumzi ndefu. "Mbona mmenikodolea macho? Kwani pana maiti?"

Bi Jokha aliamua palepale: wimbo ufutwe, wala usipigwe tena na yeyote. "Khalas." Zein alijaribu, vidole vikakataa. Aliyeufuta ni Fairuz, ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta ile. Hakuuliza kitufe. Aliufuta kwa mkono wa kushoto, na mkono huohuo akaulia wali mchana ule, mbele ya mama yake, yeye ambaye maisha yote alikula kwa wa kulia; na mpaka leo wa kulia haugusi chakula.