Tangi Juu ya Cherehani

Mama Vitenge alikuwa mshonaji. Alishonea chumbani, chini ya dari ya zege, huku mwanawe mchanga akilala mkekani. Juu ya dari hiyo mumewe, Baba Hesabu, alikuwa amejenga tangi la maji.

Asubuhi moja tangi lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Mara dari ikalia, ka! Vumbi jeupe likamwagikia kitambaa.

Mama Vitenge alimnyakua mtoto, akatoka mbio.

"Baba Hesabu! Dari inapasuka!"

"Tulia, mke wangu. Fundi aliyetujengea dari alisema maji yasizidi tani tano. Nimepima mita mbili kwa mbili, kina mita moja na sentimita ishirini. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, basi ni tani nne nukta nane. Hesabu haidanganyi."

Ka! Dari ikalia tena.

Jirani yao, mpima viwanja, alikuja mbio. "Fungeni bomba! Fungulieni maji yatoke! Mtu asiingie humo!"

Maji yalipopungua, jirani aliuliza, "Ulipimia nini?"

"Utepe wa mke wangu."

Mama Vitenge alishika kichwa. "Ule mkongwe? Umevutika kama mpira, mita yake inazidi mita! Mimi hata kwa utepe mpya huacha akiba ya vidole viwili."

"Shemeji ndiye mpimaji," jirani alisema. "Kila kipimo huweza kukosea kidogo. Tuseme kila upande umezidi sentimita kumi. Mita mbili na kumi, mara mbili na kumi, mara moja na thelathini. Zidisha."

Baba Hesabu alizidisha. "Tano nukta saba!"

"Umeona? Makosa matatu madogo yakizidishwa, huzaa kosa kubwa. Hesabu jibu lako, kisha hesabu na lile kubwa kabisa linaloweza kutokea. Hilo la pili ndilo la kuliogopa."

Fundi aliitwa. Alikagua dari, akaiwekea nguzo mbili. Kisha wakatoboa tangi tundu la kutolea maji yanayozidi kina cha mita moja. Baba Hesabu alipima upya kwa utepe wa chuma, akahesabu mara mbili.

Maji yakajazwa. Dari ilinyamaza. Hata hivyo, Mama Vitenge alishonea uani siku tatu, roho mkononi. Siku ya nne alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Una hakika ni tani nne?"

"Sina," mumewe alijibu. "Nina hakika hazifiki tano."

Mama Vitenge aliinua macho darini. Kisha akaingia, akaketi, akatunga uzi.